Kiraka cha Watundu Wanne

Rehema na Wambura, mmenikalia kooni tangu niliporudisha kipaza sauti. "Mzee Sudi, andika, usije ukafa nayo." Asanteni kwa kunitakia mema. Haya, naandika. Kwa wengine mtakaosoma, hawa ni vijana wawili wenye kistudio pale Nyasho, Musoma, wanaotia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje kwa kompyuta. Mimi nilifanya kazi hiyohiyo kwa mdomo mtupu, kanda inakimbia na watu wamekaa mbele yangu, kwenye vibanda vya video vya Bunda na Musoma, mpaka koo likagoma. Vyeo sitavieleza kwa sababu havikuwepo. Unaanza mtafsiri, unamaliza mtafsiri.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Bunda, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, madirisha yamezibwa kwa magunia. Watu wanaviita vibanda umiza, na kilichokuwa kinaumiza zaidi pale ni mabenchi. Mwalimu wangu alikuwa fundi cherehani aliyeachana na cherehani. Wote tulimwita Redio, na sidhani kama hata mkewe alimwita vingine. Akanikabidhi kipaza sauti bila kunifundisha kitu. Kwenye TV watu wawili walikuwa wanapigana juu ya paa. Nikasema, "Huyu anampiga. Sasa na huyu anampiga." Redio akaninyang'anya kipaza.

"We Sudi, unatangaza mpira? Wenyewe si wanaona kwamba anampiga? Waambie kwa nini anampiga."

"Sijui kwa nini."

"Basi tunga!"

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Vifaa vyetu mngevicheka. Kipaza kimefungwa leso ili herufi P isipasue spika. Tangawizi mbichi mfukoni. Deki moja ya mkanda ambayo hedi yake, kile kichwa kinachosoma kanda, tuliisafisha kwa spiriti na karatasi laini kila filamu ikiisha, maana vumbi la Bunda halina adabu. Vijijini tulikwenda na jenereta, Buswahili, Bugwema, Mugeta, na huko ndiko nilikojifunza kwamba mtazamaji hasahau kitu. Mugeta tuliwahi kuonyesha filamu ya wezi wa ng'ombe wenye kofia pana. Ng'ombe wakaporwa, wakafuatwa, wakarudishwa, mimi nikatangaza kwa furaha kwamba wote wamerudi. Mzee mmoja akasimama mbele ya TV. "Rudisha nyuma. Wamerudi pungufu." Tukarudisha, tukahesabu, na kweli walikuwa pungufu. Ikabidi nitunge palepale kwamba waliopungua wamechinjiwa wageni. Akaniuliza wageni gani. Nikamtungia na wageni.

Kutunga huko kulikuwa na jina. Redio alikuita kutia kiraka. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, na Kichina na Kihindi hata maji nisingepata. Kwa hiyo penye maneno niliyoyaelewa nilitafsiri, na penye maneno nisiyoyaelewa nilitia kiraka. "Kimya ni tundu," Redio alisemaga. "Nguo yenye kiraka mteja anaipokea. Yenye tundu anakurudishia na matusi." Na kweli ukinyamaza sekunde kumi tu, ukumbi mzima unapiga miluzi na kupiga kelele, "Mtafsiri kalala! Mtafsiri kalala!" Hakuna maneno niliyoyaogopa duniani kama hayo.

Baadaye nilihamia Musoma, nikapata kibanda karibu na Mwigobero, hatua chache kutoka ziwani. Mlangoni pangu alikaa mama mmoja akikaanga mihogo na dagaa, Mama Makuru. Mume alikuwa amefariki, na mtoto wake alikulia Mugeta kwa babu yake akichunga ng'ombe. Alipofika umri wa kuanza sekondari mama akamleta mjini asome. Makuru alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuuliza sana. Jioni alimsaidia mama yake kubeba beseni, na Jumamosi mchana aliingia kwangu kuangalia filamu pamoja na wenzake watatu wa darasa moja. Kiongozi wao alikuwa Masatu, mtoto wa mvuvi.

Sasa filamu yenyewe. Ilikuja kwenye katoni la kanda kutoka Mwanza, haina karatasi, haina jina, na lugha yake sikuijua. Haikuwa Kiingereza. Maandishi ya chini hayakuwepo. Ilihusu vijana wanne wa mji mdogo wenye baridi, wa umri uleule wa kina Makuru, watundu hasa. Wanaiba kengele ya shule. Wanamfungia mbuzi wa jirani kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, na mbuzi anakula ripoti zao zote. Hakuna bunduki, hakuna teke hata moja. Watu wazima waliitazama dakika tano wakatoka wananilaani. Ningeitupa, ila watoto waliipenda mno, nikaipa jina Watundu Wanne na kuiweka Jumamosi saa nane mchana, muda ambao hakuna mtu mzima wa maana angekuja. Makuru na wenzake wakajiita jina hilohilo. Ukiwaona njiani wanakuja wanne, ujue kuna mtu atatafuta ndala zake.

Karibu na mwisho kuna mahali vijana wale wanafika kwenye bwawa lenye mwamba. Wawili wanavua nguo, wanaruka. Wa tatu ana masikio makubwa, huyo anabaki amesimama. Wa nne kashafungua vifungo vya shati, anamgeukia. Yule wa masikio anasema maneno machache, midomo haifunguki vizuri. Mwenzake anayaangalia maji, kisha anafunga vifungo vyake kimoja kimoja, anasema jambo fupi, anakaa chini. Wanakaa wote wawili kwenye mwamba, wenzao wanacheza mbali, na hakuna anayesema kitu kwa karibu dakika mbili.

Dakika mbili! Mara ya kwanza nilijaribu kunyamaza. Miluzi ikaanza. "Mtafsiri kalala!" Nikaona tundu, nikatia kiraka. Kwenye mdomo wa yule wa masikio nikaweka sauti ya kike: "Siruki, mama kasema nikiloa nitapata mafua." Na kwa mwenzake nikaweka sauti nzito: "Asiyeruka leo, kesho avae gauni!" Walipokaa nikamalizia, "Haya basi, tukae tusubiri magauni yetu." Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Nilijisikia fundi. Jumamosi iliyofuata watoto walikuwa wanasema pamoja na mimi, na baada ya mwezi nilikuwa nanyamaza na wao wanasema peke yao: asiyeruka leo, kesho avae gauni. Mtaani wakawa wanaambiana hivyo kwa kila kitu, kuruka mtaro, kupanda ukuta, kumsalimia msichana.

Siku moja filamu ilipoisha Makuru akabaki. Nilikuwa nasafisha hedi ya deki.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Anko, yule wa masikio. Pale kwenye maji anasemaje?"

"Si umesikia?"

"Nimesikia. Ila anasemaje kweli?"

Nikanyanyua kichwa. "Kweli ipi tena?"

"Mbona yule rafiki yake hacheki? Mtu akitaniwa, si mmoja anacheka? Pale hakuna anayecheka."

Ningeweza kumjibu kwa neno moja tu: sijui. Ilikuwa kweli, sikujua. Lakini mtafsiri hasemi hajui mbele ya mtoto wa muuza mihogo. Nikamwambia, "Makuru, wewe unajua hiyo lugha?"

"Sijui, anko."

"Basi nyamaza. Mwenye kazi nipo."

"Sawa, anko," akasema. Akatoka, akamchukulia mama yake beseni.

Haikupita wiki mbili. Jumamosi, filamu imeisha, jua bado kali, watoto wametawanyika, mimi narudisha kanda nyuma. Nikamsikia Masatu nje akihema. Nikachungulia. Alikuwa amelowa, hana shati, amesimama mbele ya karai la mihogo.

"Mama, Makuru hajatoka."

Mama Makuru akaendelea kugeuza mihogo. "Hajatoka wapi?"

Masatu alinyoosha mkono kuelekea ziwani. Yule mama akaachia kijiko na kukimbia, kanga ikabaki kwenye stuli. Mimi nililiipua kwanza karai la mafuta, nikaliweka pembeni, nikafunika, ndipo nikakimbia. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilianza na karai.

Wavuvi walimpata kabla ya magharibi, chini ya jiwe la ziwani walilokuwa wanalitumia kurukia majini. Wale watatu walikuwa wamesharuka na kutoka mara kadhaa, yeye kasimama juu. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuogelea. Hapa Musoma nani anamuuliza mtoto wa kiume swali hilo? Na huko Mugeta alikokuwa akichunga, maji marefu aliyowahi kuvuka yalimfika magotini. Hakuwaambia. Wao wakaimba maneno yao, na yeye akaruka.

Kesho yake tuliitwa kwa mtendaji wa mtaa. Watoto walisimama mstari mmoja. Masatu akasema, "Hatukumsukuma. Tulimwambia tu maneno ya filamu."

"Maneno gani?"

Wakayasema, safari hii kwa sauti ndogo. Mtendaji akanigeukia mimi. "Mtafsiri, hayo maneno yamo kwenye filamu?"

Ndugu zangu, nimesema uongo mwingi kwenye kipaza sauti, na mwingi haukumdhuru mtu. Ule wa ofisini niliusema bila kipaza. Nilisema, "Yamo, mheshimiwa."

Akaandika. Lawama ikaenda kwa wazungu wa nchi nisiyoijua, wanaotengeneza filamu mbaya za kuharibu watoto. Watu wakatikisa vichwa. Tukamzika Makuru kwao Mugeta, kwa nyimbo za kanisani kwao, na mimi nikasimama nyuma na kofia yangu mkononi. Mama yake alinishika mkono, akaniita kwa jina la binti yangu, akasema, "Asante kwa kuja, Baba Zaituni." Nilitamani anipige.

Kanda niliificha kwenye ndoo tupu ya rangi, nikawaambia watu deki imeitafuna. Redio alikuwa kashakufa, hivyo sikuwa na wa kumwambia, na nadhani nisingemwambia hata angekuwepo. Niliendelea na kazi. Mtapenda kusikia kwamba niliacha viraka, lakini sikuacha. Nilipunguza kwa muda, watu wakapiga miluzi, nikarudia. Kanda zikapita, zikaja diski, zikapita, mkaja ninyi na kompyuta zenu. Nimetafsiri mapenzi, vita, majini, na mbwa anayeongea. Masatu alikua akawa mvuvi, na kila tulipokutana sokoni alivuka upande wa pili. Nilidhani ananichukia. Sasa nadhani alikuwa anaona aibu, mtoto wa watu, kwa kosa langu.

Mwaka huu, mwezi wa pili tangu nistaafu, Rehema akanipigia. "Mzee, kuna filamu watu wa rika la kaka zangu wanaiulizia kila siku. Wanasema ilikuwa yako. Watundu Wanne. Nimeipata mtandaoni, safi kabisa, na ina maandishi ya Kiingereza. Njoo utuambie kama ndiyo yenyewe."

Nilikwenda mchana, nikakaa kwenye kile kiti chenu kinachozunguka. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Nilimwona mbuzi, nikacheka, kusema ukweli. Ni filamu nzuri sana, sikuwahi kujua. Vijana wale kumbe walikuwa wanaongea mambo ya maana wakati mimi nawawekea vituko. Yule wa masikio mama yake kafariki, na hakuna anayemtaja. Mimi kwenye kiraka changu nilimpa mama wa kumkataza kuloa. Tukafika kwenye bwawa. Nikamwambia Rehema asimamishe. Akasema, "Mzee, mbona unatoka jasho?" Nikamwambia, basi endelea.

Yule wa masikio anasema sentensi mbili tu. Kiingereza changu kimekua kidogo, nilisoma mwenyewe bila kusaidiwa. "Sijui kuogelea. Usiwaambie."

Na mwenzake anafunga vifungo, anasema, "Basi na mimi siogelei leo."

Ndiyo hiyo tu. Halafu zile dakika mbili. Mle ndani hakuna gauni wala mafua. Makuru aliiona kwa macho yake, hajui lugha, hajui filamu, mchunga ng'ombe wa Mugeta. Alijiona yeye pale juu ya mwamba, akaja kuniuliza mtu kama yeye anasaidiwaje, nikamwambia anyamaze.

Nililia pale studio. Rehema unakumbuka, ulizima feni ukaketi chini.

Mama Makuru alisharudi Mugeta. Nilimwomba Rehema anipeleke na kompyuta yake. Tulimkuta kwenye kivuli cha nyumba anapukuchua mahindi, kazeeka, macho bado makali.

"Baba Zaituni! Umepotea wewe. Huyu ni mkweo?"

"Ni mwenzangu wa kazi. Mama Makuru, nimekuja kusema jambo, na ukinifukuza nitaondoka."

Nikamwambia yote. Kiraka, mtendaji, yamo mheshimiwa, na swali la mtoto wake. Nilisema bila kutunga neno. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipofika kwenye swali, hapo mikono ikasimama.

"Alikuja kukuuliza wewe?"

"Alikuja. Nikamnyamazisha."

Alikaa kimya, na mimi mtu wa kuziba matundu, nikakaa nacho.

"Mimi aliniambiaga," akasema mwishowe. "Jioni moja nyumbani. 'Mama, yule mtoto wa kwenye video anaogopa maji. Yule baba anatafsiri vibaya.' Nikamwambia, we mtoto koma. Yule kasoma, wewe unajua nini? Kumbe alikuwa ananiambia mimi ya kwake." Akafuta mikono kwenye kanga. "Miaka yote hii nimeibeba peke yangu. Nilidhani wewe ulisema kweli na mimi ndiye sikusikia."

Nimsamehe mimi? Mimi ni nani?

"Iwashe," akamwambia Rehema. "Na wewe nitafsirie. Vizuri."

Rehema akaweka kompyuta juu ya gunia la mahindi. Yule wa masikio akasimama kwenye mwamba. Nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, "Sijui kuogelea. Usiwaambie."

"Rudia."

Rehema akarudisha nyuma. "Sijui kuogelea. Usiwaambie."

Mama Makuru akainama, akaisogelea kompyuta, akamgusa yule kijana wa kizungu mashavuni kwa kidole chenye vumbi la mahindi. "Waambie, baba," akasema. "Waambie tu. Waambie, mwanangu."

Mimi sikuongeza kitu. Vijana wawili walikaa juu ya mwamba mpaka picha ikaisha. Kabla hatujaondoka alinitaka niende kwa Masatu nikamwambie na yeye, na nilikwenda. Hayo aliyoyasema Masatu ni yake, siyaandiki.

Mmenitaka niache funzo la kazi. Leso kwenye kipaza sauti bado inafaa, msicheke. Na usipojua, sema hujui, hata kwa mtoto aliyebeba beseni.

Filamu mmeitoa na sauti yenu, ila pale bwawani mliniachia mimi, na ndiyo kazi yangu ya mwisho. Nimesema sentensi zile tatu, basi, dakika mbili zilizobaki nimeziacha zilivyo. Juzi Wambura amenionyesha kwenye simu mtu kaandika chini yake, "Hapo mtafsiri kalala." Akaniuliza kama ayafute maneno yake. Mwacheni. Hapo sikulala. Nililala zamani, siku Makuru aliponiuliza.